Paa la Udongo la Mzee Lugembe

Kipupwe cha mwaka sabini na nne kilimkuta Lugembe ndani ya nyumba asiyoipenda, na kusema kweli haikuwa nyumba ya kupendwa. Fito, matope ya kupaka, nyasi juu. Upepo wa Juni uliingia upande huu ukatokea upande ule bila hata kupiga hodi.

Kule Kwihara aliacha tembe ya baba yake, kuta nene na paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo za mninga. Jioni ulichoma vijiti vitatu, na asubuhi ukuta ulikuwa bado vuguvugu. Kisha likaja agizo la kuhamia kijiji kipya, nyumba kwa mstari, karibu na shule na zahanati. Shule ilijengwa. Zahanati ilibaki midomoni mwa wakubwa. Aliomba abebe nguzo zake, akaambiwa lori ni moja na mambo ya kizamani yabaki huko huko.

Roho yake yote ilikuwa kwenye kifua cha mkewe, Pelagia. Daktari wa mjini alikuwa amemwambia bila kuficha kwamba mama huyu akipigwa na baridi kipupwe hiki, kingine hatakiona. Basi moto haukuzimwa. Lakini kaya mia tatu zilikata pori moja, na kabla hawajatimiza mwaka hapo kuni zikawa za kununua, zikiletwa kwa baiskeli kutoka mbali. Lugembe aliuza mbuzi, akauza na redio. Redio nzima iliwaka wiki moja tu, ikawa majivu.

Hapo akaamua kufanya alichokijua. Aling'oa nyasi, akapanga fito zikabanana, akamwaga juu udongo wa kichuguu na kuushindilia kama alivyofundishwa na baba yake. Jirani yake Josepha, naye mzaliwa wa tembe, alizitazama nguzo, akamwuliza kama miti ile ya haraka haraka ingebeba mzigo huo. Lugembe alimjibu kwa ukali kwamba udongo mkavu ni mwepesi, na kwamba angeushusha kabla ya mvua.

Na paa likafanya kazi, asikudanganye mtu. Mzigo mmoja wa kuni ulitosha juma zima. Kikohozi kikapungua, na kufikia Agosti Pelagia alikuwa akiota jua mlangoni na kumtania mumewe kwamba amemwoa mara ya pili.

Oktoba ilipofika, Lugembe alichukua jembe ashushe udongo. Pelagia akamshika mkono.

"Alfajiri bado nasikia baridi, mume wangu. Ngoja kwanza mawingu yaonekane."

Akangoja. Alijua kwamba hapaswi kungoja, ila aliogopa kukisikia tena kile kikohozi kuliko alivyoiogopa mvua.

Mvua ilikuja mchana mmoja, ghafla, watu wakiwa kwenye shamba la kijiji, na Pelagia peke yake nyumbani. Lugembe alitupa jembe akakimbia. Msimamizi alimwita, akamkumbusha kuwa majina hayajasomwa, lakini mzee hakugeuka. Maji yalimpiga usoni njia nzima, naye alijua kila tone lilikuwa linanywewa na udongo wake. Alipofika barabarani aliziona kuta zimesimama, na juu yake hakuna kitu.

Alichimba kwa mikono. Josepha na wengine wakafika wakachimba naye, wakamkuta Pelagia kitandani, amefunikwa mpaka kichwani. Lugembe alimfuta matope, akaweka kiganja kifuani pake.

"Ana joto," akawaambia. "Leteni kuni. Mmesimama mnatazama nini?"

Josepha alipiga magoti, akatega sikio puani mwa mwenzake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mzee, joto hilo ni la udongo tu. Mama ametutoka."

Hakumsikia, au hakutaka. Aliendelea kuomba kuni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia. Zikatoka kuni katika kila nyumba, hata zile zilizonunuliwa jana yake, zikarundikwa uani mvua ilipokatika. Lugembe alimpakata mkewe karibu na moto, akawa anamsugua vidole kimoja kimoja na kumsemesha. Na hapo, mbele ya moto mkubwa kuliko wote aliowahi kumwashia, mikono ya Pelagia ikaanza kupoa.