Usukani wa Moto

Watu walinicheka sana kwa sababu ya usukani ule, nami sijawasamehe hadi leo.

Ulikuwa mwaka ambao vita vya mashariki vilitukata mikono. Maharagwe niliyokuwa nikiuza kwa jumla hayakufika tena Lubumbashi, duka langu lilibaki rafu na panya, na mama yangu alikuwa njiani. Alikuwa ameiacha nyumba yake Kivu Kaskazini, akazunguka kwa malori kupitia Rwanda, Tanzania na Zambia. Siku moja alinipigia kutoka Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kwa simu ya dereva.

"Kwangu nilitoka juu ya magunia," aliniambia. "Kwako sitaingia juu ya magunia. Ukuje unibebe ku Kasumbalesa na gari yako."

Simu ikakatika.

Gari nilikuwa nalo, lakini lilikuwa limeugua: honi hailii, vifuta-kioo havisogei, na ulikuwa msimu wa mvua. Kwenda mpakani katikati ya malori ya shaba, mvua inamwagika, huoni na huwezi kumwonya mtu, ni kujichimbia kaburi. Jirani mmoja alinishauri nimwache mama apande basi kama watu wote. Nilimwambia ampandishe mama yake.

Gari lile lilikuja likiwa na usukani kulia, kama mengi yanayotufikia kupitia Zambia, na kwa desturi yetu fundi aliuhamishia kushoto. Huyo fundi alikuwa mwana wa watu wa reli, Mkatoliki anayefanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua boneti. Nilimrudishia gari, akachomeka mashine yake ya kupimia, akasoma, kisha akaanza kucheka. Mashine ilisema: usukani wenye joto, hakuna mawasiliano.

"Maman, iyi ni kode ya bazungu," alisema huku karakana nzima ikicheka naye. "Volani ya moto, apa Katanga, ni ya kazi gani? Tuiache. Mi naona moteri ya vifuta-kioo njo ilikufa."

"Mashine imesema moteri?"

"Apana. Inasema volani."

"Basi tafuta volani."

Hakutafuta. Alibadilisha moteri, vifuta-kioo vikalala vilevile. Alibadilisha fyuzi, honi ikanyamaza vilevile. Kila nilipofika, mafundi walinipokea kwa jina jipya, "Maman Volani ya Moto", na mama alikuwa keshavuka Ndola. Hapo nilishikwa na hasira ya kweli. Niliketi kwenye kiti cha dereva nikamwambia sishuki mpaka afuate kile mashine ilichosema. Lisemwalo lipo.

Aliona sitanii. Akachukua kipima-umeme, akaanza kunieleza, nadhani ili anitulize. Kuna waya mmoja mwembamba, alisema, ambao honi, vifuta-kioo na joto la usukani hupokezana kuzungumza ndani yake. Waya huo ukigusa chuma cha gari, wote wanakuwa mabubu. Aliupima. Ulitakiwa kuwa na umeme karibu sawa na wa betri, lakini haukuwa na kitu. Akauchomoa usukani kwenye waya huo, akapima tena: bado hakuna kitu.

"Volani haina na kosa," alisema polepole. Hakuwa anacheka tena. "Kosa iko mu waya."

Akahamia upande wa kulia, pale usukani ulipokuwa zamani, akafungua chini ya dashibodi. Kipande cha waya kilikuwa kinaning'inia, kimekatwa kwa koleo, mdomo wazi, kimeegemea chuma.

"Ni miye nilikikata," alisema. "Siku nilihamisha volani. Niliona ni cha ile joto, nikasema kwetu apa ya nini?"

"Mdharau mwiba mguu huota tende," nilimwambia. "Na mguu wenyewe ni wangu."

Alitaka kukizungushia utepe na kukiacha hapo. Nilikataa. Nilitaka akiunganishe mpaka kwenye usukani.

"Maman, joto ya nini?"

"Ya gari yangu."

Nilikuwa nimechoka kuambiwa kipi cha lazima na kipi niache. Nyumba, acheni. Duka, acha. Mama, mwache apande basi. Akakiunganisha, akawasha gari, na vifuta-kioo vikaanza kukwaruza kioo kikavu kwa kelele mbaya. Nililia mbele ya wale wanaume wote na sikujificha.

Kasumbalesa nilifika mvua ikinyesha. Mama alishuka kwenye lori, kitenge kimemgandama mwilini, mdogo kuliko nilivyomwacha. Vidole vyake vilikuwa baridi hata havikuweza kushika mkono wangu. Nilimketisha kwenye kiti changu, nikabonyeza kitufe cha joto ambacho hakuna aliyewahi kukibonyeza mjini kwetu, nikaiweka mikono yake juu ya usukani.

"Hii nayo ni nini?" aliuliza.

"Ni usukani wa moto, mama."

Yeye hakucheka. Akaukumbatia kwa viganja vyote viwili. Askari wa barabarani akaja akigonga boneti, akipiga kelele kwamba tunaziba njia, tuondoke mara moja. Mama alimtazama kupitia kioo kilichokuwa kinafutwa vizuri. Kisha akasukuma viganja vyake katikati ya usukani, na honi ikalia, ndefu, mpaka askari akaruka nyuma.

"Mwambie angoje," mama alisema. "Niko naota moto."