Samansi ya Mama Mkwe

Lazarus Shitanda wa Khayega alikuwa na tabia moja ambayo mkewe Ayuma aliizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia: kazi yoyote aliyoipata aliisifu Jumatatu na kuilaani Jumamosi. Katikati ya juma alikuwa mtu wa kawaida tu, mtu unayeweza kula naye.

Kazi yake ya kwanza ya mshahara ilikuwa upishi, katika nyumba ya mzungu mmoja wa mambo ya kilimo pale Kakamega mjini. Uzuri wa kazi ile ulikuwa mkate. Asubuhi alipofungua tanuri na ile harufu ya mkate moto ikampiga usoni, Shitanda alifumba macho akajiona yeye ndiye mwenye nyumba, mzungu ni mgeni aliyelala tu. Ubaya wa kazi ile ulikuwa na miguu minne. Mzungu alifuga mbwa mkubwa mwenye manyoya mpaka machoni, jina lake Meja, na kila Jumamosi mpishi alitakiwa kumwogesha Meja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kunukia. Sabuni kama ile haikuwahi kufika Khayega.

"Leo alikubali kuoga?" Ayuma alimuuliza siku moja, mumewe aliporudi suruali imelowa hadi kiunoni.

"Alijikung'uta mara moja tu. Aliyeoga ni mimi."

"Basi mshukuru. Tangu Pasaka sijakusikia ukinukia hivi."

Uhuru ulipoingia, mzungu alifunga mizigo akaenda kwao, na Meja akakaa kiti cha nyuma cha gari kama diwani. Shitanda alisimama mlangoni akipunga mkono huku machozi yakimlengalenga. Majirani walisema anamlilia tajiri wake. Kumbe alikuwa anaagana na tanuri.

Hakukaa nyumbani sana. Ofisi zilikuwa zinatafuta watu, na Shitanda, aliyesoma mpaka darasa la nne na kuandika jina lake kwa mapambo, alichukuliwa kuwa tarishi wa korti. Alipewa koti la kaki, kofia yenye beji ya shaba, na baiskeli nyeusi yenye kengele. Jumatatu ile ya kwanza, Khayega nzima ilipata habari. Alishuka mteremko akipiga kengele hata pale ambapo hapakuwa na mtu wala kuku, na akina mama sokoni walimwita "serikali". Alirudi nyumbani akamwambia Ayuma kwamba hii ndiyo kazi aliyozaliwa aifanye, na kwamba upishi ulikuwa ujinga wa ujana.

Ilipofika Jumamosi alikuwa ameketi jikoni, kofia iko magotini, sura imemshuka.

"Watu wananikimbia," alisema.

Ilikuwa kweli. Tarishi wa korti hapeleki mialiko ya harusi. Anapeleka samansi, ile karatasi ya kumwita mtu mbele ya hakimu, na watu walikuwa wamejifunza kuisikia kengele yake kutoka mbali. Akikaribia boma, wanaume walikumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe upande wa pili wa mto. Hata mtu asiye na kesi aliingia kwenye mahindi kwa usalama. Shitanda, ambaye maisha yake yote alipenda kukaribishwa chai, sasa alikuwa anafika nyumba baada ya nyumba anakuta chai inatoa moshi kikombeni na wenyewe hawapo.

"Si uache kupiga kengele?" Ayuma alimshauri.

Shitanda alimtazama kama aliyetukanwa. Kengele ndiyo ilikuwa utamu wa kazi.

Hivyo ndivyo alivyoendelea, furaha njiani, majonzi kila anapofika, mpaka Jumatano moja karani wa korti alipomwita ndani. Karani huyo, Chrispinus, alikuwa kijana mwenye sauti laini, na sauti hiyo ilizidi kulainika habari ikiwa mbaya. Siku hiyo aliongea laini sana. Shitanda aliipokea samansi, akasoma jina, akalisoma tena. Lilikuwa jina la Mideva, mamake Ayuma. Kosa: kupika pombe ya busaa bila leseni.

Alishtuka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Jumapili iliyopita yeye mwenyewe alikuwa amekunywa busaa hiyo, tena akaomba aongezwe. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

"Karani, huyu ni mama mkwe."

"Vizuri. Hutapotea njia."

"Hunielewi. Kwetu mtu hatazamani na mama mkwe. Hampeani mikono, hampitani njiani. Hata hiyo busaa naletewanga na bibi, nakunywa nikiwa nyuma ya nyumba."

Chrispinus alifikiri kidogo. "Korti haijasema umtazame," alisema kwa upole. "Imesema umkabidhi mkononi."

Ayuma aliposikia habari hiyo jioni, alikaa chini kwanza. Mumewe alidhani amehuzunika kwa ajili ya mamake, akamshika bega, ndipo akahisi bega linatikisika kwa kicheko.

"Mpelekee wewe," Shitanda alimsihi. "Ni mamako."

"Mimi niko na kofia? Mimi si serikali. Lakini nitakusindikiza. Kitu kama hiki siwezi kukosa."

Asubuhi walishika njia, Ayuma mbele, Shitanda nyuma akisukuma baiskeli badala ya kuipanda, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, kengele haikulia. Njia nzima alisumbuliwa na kofia. Akiivaa, anaenda kama serikali kumshtaki mama mkwe. Akiivua, anaenda kama mkwe, na mkwe mwenye adabu huenda na zawadi, haendi na samansi. Aliivaa, akaivua, akaivaa. Mwishowe akaibana kwapani.

Mama Mideva alikuwa anaanika mtama uani. Alipomwona mkwewe langoni aliacha kila kitu, akajificha nyuma ya ghala kama mila inavyotaka. Shitanda naye aligeuka akaupa ua mgongo. Majirani, ambao siku nyingine wangekuwa wameshavuka mto, walisikia kwamba karatasi si yao, wakaja kusimama kwenye ua wa miti wakijisogeza wapate kuona vizuri.

"Mama!" Shitanda alipaza sauti akiwa ameielekea barabara. "Mimi nimetumwa tu!"

"Ayuma!" sauti ilijibu kutoka nyuma ya ghala. "Mwambie bwana yako kwamba najua ametumwa. Hajawahi kuja bila kutumwa, labda kiu ndiyo imtume."

Majirani walicheka. Shitanda alieleza, kwa kupitia mkewe ingawa kila mtu alikuwa anasikia, kwamba sheria inataka karatasi iingie mkononi mwa mhusika kutoka mkononi mwa tarishi. Halafu Mama Mideva, mwanamke ambaye hajawahi kushindwa na jambo, akatoa shauri. Tarishi arudi kinyumenyume. Yeye pia atarudi kinyumenyume. Mikono iwe nyuma. Ayuma awe macho yao.

Basi wakaanza. Shitanda alinyoosha nyuma mkono wenye samansi, akapiga hatua ndogo ndogo kama mtu anayetoka kwenye nyumba yenye nyoka. Kutoka upande wa ghala mama mkwe naye alikuja na mgongo, kiganja wazi, shingo imesimama kwa heshima zake zote.

"Bwana, kulia kidogo," Ayuma aliongoza. "Mama, simama. Hapana, bwana, kulia kwako wewe! Sasa nyuma. Nyuma. Polepole..."

Shida ni kwamba alikuwa anacheka, na katikati ya kicheko neno "simama" lilichelewa. Migongo miwili iligongana katikati ya ua, puu! Kofia ikaanguka kutoka kwapani ikabingirika kwenye mtama. Mama Mideva alipiga ukemi. Shitanda alikimbia bila kugeuka mpaka langoni, akajificha nyuma ya baiskeli, kitu ambacho hakimfichi mtu yeyote.

Lakini samansi ilikuwa mkononi mwa mhusika.

Kumgonga mama mkwe si jambo la kupangusa na kuendelea. Wazee walikaa, wakasema Shitanda apeleke blanketi la kumfunika mama aibu, na liwe zito. Alilipeleka jekundu lenye mistari, Ayuma akalikabidhi. Mama Mideva alilishika, akalipima kwa vidole, akasema mkwe wake ana macho mazuri, ni vile tu hayatumii.

Kortini hakimu alimuuliza Mama Mideva kama alipokea samansi kwa njia inayofaa.

"Niliipokea, mheshimiwa."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa mgongo."

Ilibidi aeleze, na alivyoeleza, hakimu aliinamisha uso kwenye meza kwa muda mrefu. Mwisho alimwonya, akamwambia akachukue leseni kwanza kabla hajapika tena. Shitanda, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama ukuta, alihisi jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi.

Tangu siku hiyo aliitwa Mgongo. Alichukia jina hilo juma zima, mpaka akagundua kitu: watu hawamkimbii tena. Walimngoja njiani. "Mgongo, ingia kwanza utuambie ilikuwaje," walisema, na chai ikamiminwa. Samansi waliipokea baadaye, wakiwa bado wanapangusa machozi ya kicheko.

Ungedhani hapo angetulia. Lakini Ayuma alikuwa na mambo yake. Mashamba ya wazungu kule Lugari yalikuwa yanagawanywa, na jina lao lilipotoka kwenye orodha ya waliopewa, alifunga vyungu kabla mumewe hajamaliza kupinga. Wakahamia karibu na Lumakanda, kwenye ardhi nyekundu iliyo wazi, na Shitanda akawa mkulima wa mahindi.

Uzuri wa kazi hiyo aliuona mara moja. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtuma. Alisimama kwenye mpaka wake mwenyewe, mikono kiunoni, akayaangalia mahindi yanayomfika kifuani, akajiona mkubwa kuliko hakimu. Ubaya ulimjia polepole. Palizi ilipouma kiuno, alitafuta mtu wa kumnung'unikia, hakumpata. Tajiri alikuwa yeye. Karani alikuwa yeye. Siku moja alijaribu kujipa likizo, na magugu hayakupata habari.

Kisha viwavi wakaingia. Asubuhi moja alikuta majani yametobolewa kama chujio, na wadudu wamejaa ndani ya kila shina. Shitanda aliutupa mfuko aliokuwa nao, akatembea kwa hasira mpaka mpakani, hajui anaenda kumshtakia nani. Upande wa pili wa uzio jirani yake Kipkemboi, Mnandi mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama vilevile, uso umekunjamana, anatazama mahindi yake.

"Wewe pia?" Shitanda aliuliza.

"Hii kazi," Kipkemboi alisema, "ni kazi ya wazimu."

Shitanda alihisi kitu kinamfunguka kifuani. Aliegemea mti wa uzio. Wakailaani kazi pamoja, wakianzia na viwavi, wakaja kwenye mvua, na bei ya mbolea, na panya wa ghalani, na wake zao wanaopendanga kuamka mapema. Kila mmoja akitua, mwenzake alipokea. Kwa miaka mingi Shitanda hakuwa amefurahi hivyo.

Kisha Kipkemboi akavuka uzio na debe lake. Waliinama mstari mmoja, mmoja huku na mmoja kule, wakaanza kuwatoa viwavi kwa mkono.

"Mnaongea nini tangu asubuhi?" Ayuma aliita kutoka nyumbani. "Obusuma inapoa! Mtakula ugali baridi!"

"Kazi!" Shitanda alijibu bila kuinua kichwa. "Tunaongea kazi!"