Mikorosho ya Mama Mmoja

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilitumwa kuvunja ndoa nikaishia kutazama mabibo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nasoma mimea, elimu imenijaa kuliko adabu. Mama alinituma kijiji cha jirani na Naliendele nikamrudishe nyumbani dada yangu Zuhura. Mumewe, Issa, alikuwa amemkataa binti yao mchanga. Mtoto alizaliwa mweupe, na ukoo wa Issa ni weusi wa kung'aa. Talaka ilibaki kutamkwa tu.

Niliwakuta shambani wakiokota korosho, kila mtu upande wake, hawasemeshani. Maneno mazito niliyofundishwa na mama yakanipotea, maana mkorosho mmoja ulizaa mabibo mekundu marefu, wa pili ya njano ya duara, wa tatu umejilaza chini kama kuku anayeatamia.

"Shemeji, mbegu za miti hii ulizitoa wapi?"

"Zote mti mmoja. Ule wa marehemu babu, mwekundu ule."

"Hata huu wa njano? Labda mtu alikupandia nyingine."

"Nani akupandie mkorosho bure? We msomi una wazimu! Nimepanda kwa mkono wangu. Mbegu ya korosho ndivyo ilivyo, haikuulizi. Ukitaka ifanane, bebesha: chukua kijiti cha mti unaoupenda, ukiunge kwenye mche."

Zuhura, mtoto mgongoni, akainua kichwa.

"Basi huo wa njano ukate, mume wangu. Haufanani na babu."

Wallahi mimi sikukusudia kitu. Nilielewa wa mwisho. Issa akaweka kikapu chini, akanyoosha mikono.

"Mlete huyo. Jua litamchoma, mweupe hivyo."

Habari za nyuki wanaoleta chavua kutoka miti ya majirani nilizimeza. Si kila somo ni la siku hiyo.

Hadi leo najiuliza ni bibi gani, wa kwetu au wa kwao, aliyetuachia weupe ule. Mwembe na mkorosho nao ni ndugu, mwanangu. Tazama walivyoachana sura. Damu hukumbuka watu ambao ukoo umekwisha kuwasahau.

Basi ukiona tofauti, iulize kabla ya kuihukumu. Kuuliza si ujinga. Kukata ndiko kusikorudishika. Mungu akujalie kizazi cha kukushangaza, na mikono ya kukipokea.