Marehemu Kombo Alipokuja Kunisikiliza

Mnaniona kila likitajwa jina la Kombo nainamisha kichwa, mnadhani naringa na ukoo, kumbe naona haya, tena haya zenyewe si za kujikwaa sokoni zikapita, ni za kusimama mbele ya ukumbi mzima Jidda, kipaza sauti mkononi, nikimlilia babu ambaye si babu yangu. Basi leo naitoa yote, mcheke mmalize.

Kazi yangu mnaijua. Niko Riyadh, mtaa wa Olaya, kwenye ofisi inayokusanya picha, maandishi na vitabu vya zamani na kuviingiza kwenye kompyuta ili wasomaji wavipate popote walipo, na mimi, kwa kuwa Kiswahili ndicho nilichosomea, napewa vyote vinavyohusu watu wa kwetu. Chumba kimoja nakaa na Nekesa, Mkenya wa Bungoma, mtu wa taratibu, husoma ukurasa akaurudia. Mimi siko hivyo. Mguu wangu hautulii chini ya meza, naanza hili nawaza lile, na ikifika Alhamisi mchana, ndio mwisho wa wiki ya kazi huku, roho yangu imeshateremka na lifti, kiwiliwili ndicho kilichobaki kitini.

Alhamisi hiyo nilikuwa na vitu vitatu, kila kimoja kimetoka mahali pake: sanduku la picha za mahujaji zilizopigwa Jidda zamani, nyuma zina muhuri wa S. Kombo; kasida za maulidi zilizoandikwa kwa mkono na S. Kombo; na tasnifu ya chuo kikuu kuhusu magonjwa ya ngamia, ya S. Kombo. Kompyuta yetu ikiona majina yamefanana huuliza: ni mtu mmoja? Unabonyeza ndiyo au hapana. (Hapana inakutaka uandike maelezo ya kila mtu mbali mbali. Ndiyo haikutaki kitu.) Tarehe sikutazama. Nikabonyeza ndiyo, nikaandika na "marehemu" juu yake, maana picha zilikuwa kuukuu mno, nikaona hawezi kuwa hai.

Nekesa akachungulia. "Aki Mwanaidi, huyo wa ngamia anaweza kuwa wa kwetu. Akina Kombo wako Bungoma pia, wengi tu."

"Kombo ni jina la Pemba," nikamjibu. "Mimi mwenyewe Kombo, utanifundisha jina langu?" Nikachukua mkoba, huyo nikaenda zangu.

Jumapili mkuu wetu, Ustadh Majid, akaingia anang'ara. Ustadh ni Msaudi, ana ngamia wake nje ya mji, anawapenda kama watoto, sasa amesoma kwamba kuna Mswahili aliyepiga picha mahujaji, akatunga kasida, na bado akapata wasaa wa kutibu ngamia! "Na wewe pia ni Kombo," akaniambia. "Ni jamaa yako?"

Hapo, jamani. Hapo ningesema sijui, nisingekuwa na la kuwahadithia leo. Lakini alivyokuwa ananitazama, mtu mzima na furaha ile, nikasema, "Huenda, Ustadh, sisi Wapemba wote ni ndugu." Yeye akasikia "ndugu" tu. Kufika Adhuhuri nimeshakuwa mjukuu, imeshaamuliwa kuwe na maonyesho Jidda, mtaa wa Al-Hamra, na mjukuu wa marehemu ndiye atakayezungumza. Akataka na sura ya marehemu ya kuweka kwenye tangazo. Nikapekua lile sanduku nikatoa mzee mmoja wa haiba, kanzu nyeupe, amekaa kitini kama mwenye mji. Nikasema huyu hapa. (Msiniulize nilijuaje.)

Siku ya safari, niko ndani ya ndege, nikaona nitafute japo jambo moja la kusema kuhusu ngamia. Nikaifungua ile tasnifu kwenye simu, nikaanzia ukurasa wa shukrani, ndio mfupi. Mwandishi anamshukuru Mungu, anamshukuru mchungaji wake, anamshukuru na mume wake kwa uvumilivu.

Nikasoma tena. Mume wake. Babu yangu!

Niliinuka nikaenda msalani, nikarudi, nikaomba maji, nikaenda tena, abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo. Nikajiapiza nikishuka tu namwambia Ustadh. Nikashuka, nikamkuta kanisubiri na wageni wake, kila mmoja ananipa pole ya babu, na Ustadh ananipigia mahesabu ya foleni, yalla, yalla, tunachelewa. Nikapanda gari. Nilikuwa nafungua mdomo kila taa nyekundu, ikiwaka kijani naufunga.

Ukumbini, baada ya Alasiri, watu tele. Tangazo lilikuwa limezunguka kwenye makundi ya simu ya Wakenya na Watanzania, na nani asiyependa kusikia mtu wa kwetu anasifiwa? Ustadh akanipa kipaza sauti. Nikasema babu yetu alikuwa mtu wa vipaji vingi, machozi yakaja, tena ya kweli (ya hofu), na watu wakaitikia, "Mola amrehemu."

Mstari wa mbele akasimama bibi mmoja, mtandio unanukia udi mpaka nilipo. Baadaye nilijua anaitwa Bi Zuwena, anakaa mtaa wa Al-Baghdadiyah, hapo hapo Jidda, tangu utoto wake.

"Mwanangu," akasema kwa upole kabisa, "baba yangu Saidi Kombo, mpiga picha, alinizaa mimi peke yangu, na mimi sikujaaliwa mtoto. Wewe mjukuu umetokea tumbo lipi?"

Kisha akanyoosha kidole kwenye ile picha ya tangazo, iliyotundikwa kubwa ukutani. "Na huyo siye baba. Huyo mwenye nyumba wetu. Alitutolea vyombo nje."

Watu wakapasuka. Kabla hawajatulia, huko nyuma akainua mkono mama mmoja wa suti, miwani kichwani.

"Samahani, na mimi niseme tu. Naitwa Stella Kombo, ni daktari wa mifugo, nafanya kazi hapa hapa Jidda. Hao ngamia ni wangu. Nimetumiwa tangazo ati mimi ni marehemu, nikaona si nije nisikie nimekufa nini?"

Sasa Ustadh Majid hajui Kiswahili. Anaona watu wamejishika mbavu, anacheka nao, ananiinamia: "Wanasema nini?" Na mkalimani ni nani? Ni mimi. Nikamfasiria mwenyewe, neno kwa neno, kwa Kiarabu, kwamba mimi si mjukuu, picha si ya Saidi Kombo, na marehemu yuko kule nyuma. Tabasamu lake likawa linashuka kidogo kidogo. Akasema, "Halas," yaani basi, akakaa.

Lakini kicheko kilikatika chenyewe, hakuna aliyekikataza. Bi Zuwena alikuwa bado amesimama. "Basi picha ya baba hamna?" Jirani alikuwa amemwambia tu kwamba sura ya Kombo imepatikana. Baba yake siku zote alikuwa nyuma ya kamera, hakuacha hata picha moja ya kwake, na yule bibi alikuwa amevaa nguo ya sikukuu kuja kumwona.

Nikamwambia hatuna. Akaitikia kwa kichwa, akaketi, akaweka mkoba magotini.

Kazi sikufukuzwa. Ustadh hakunisemesha mpaka tuliporudi Riyadh, kisha akaniambia niwatenganishe wote, nimpe kila mtu chake, na "marehemu" niandike nikishahakikisha. Dokta Stella sasa ni rafiki, kila Idi ananitumia salamu, anatia sahihi "marehemu". Yule wa kasida mpaka leo sijamjua, nimemwacha peke yake na heshima zake. Na nimeapa, jina lolote nikikutana nalo, hata likiwa langu, nitauliza kwanza ni la nani.

Bi Zuwena hunipigia Ijumaa. Kila wiki nachukua picha kutoka lile sanduku, yoyote yenye mwanamume asiyejulikana, namtumia kwenye simu ya jirani yake, halafu nangoja nikizunguka chumba. "Siye," ananiambia. "Siye, huyo muuza maji." Wiki iliyopita nilimsikia akimwomba jirani aikuze picha, nikasimama pale nilipo.

"Siye," akasema. "Lakini kiti hicho ni cha kwetu."