Siku Tuliyompeleka Mama Mkwe kwa Mchina

Kwetu Muheza mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Hakuna aliyeliandika hilo mahali, ila kila mtu analijua. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Mkiwa na neno, linapitishwa kwa mtu wa katikati. Mama mkwe akikukuta mdomo umejaa ugali, hiyo aibu utakwenda nayo kaburini. Nimeishi Johannesburg miaka kumi na moja, nimezoea kusema "sharp" na "eish" na kuziita taa za barabarani "robot", lakini hilo la mkwe halijanitoka.

Kwa hiyo mke wangu aliposema Jumapili tumpeleke mama yake kwenye ule mgahawa wa Wachina, ule wa kujipakulia na kula mpaka ushindwe mwenyewe, nilimwuliza kama ana akili timamu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwanamke wa miezi saba haulizwi swali hilo.

"Nina hamu ya tambi," akasema. "Na mama hajatoka ndani tangu afike."

Nikakubali, na si kwa ajili ya tambi. Nilikuwa natafuta njia ya kumlainisha yule bibi. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Tanga, siku nne barabarani, kuja kumchukua binti yake. Mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwao, ndiyo desturi, na tiketi mbili za kurudi Alhamisi zilikuwa tayari ndani ya pochi yake. Mimi sikutaka. Nilitaka niwepo mwanangu akilia kilio chake cha kwanza, tena nilimwogopea mke wangu na tumbo lile siku nne za mashimo na foleni za mipakani. Nililisema hilo kupitia kwa mke wangu. Jibu nalo likaja kupitia kwa mke wangu: "Mwanamume anajua nini habari za mzazi? Atamkanda nani? Cherehani?"

Mimi ni fundi cherehani. Nina kijichumba cha kazi kule Malvern, Jules Street, na mkono wangu unajulikana. Lile neno lilinichoma.

Mgahawa wenyewe hauko mbali na kwetu Bellevue. Mlangoni mama mkwe akasimama kwanza, akataka kujua habari za nyama. Cheti cha halali kilikuwa kimetundikwa juu ya kaunta, pembeni ya paka wa dhahabu anayepunga mkono bila kuchoka. Akazisoma zile herufi za Kiarabu moja moja, kidole kikienda hewani, watu wamejazana nyuma yetu wanasubiri.

"Haya, sawa," akamwambia mke wangu. "Lakini yule paka anamwita nani?"

Dada wa mgahawa akauliza tuko wangapi. Nikamwambia watatu, meza mbili. Akatutazama mmoja mmoja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumegombana.

"Hapana," nikamjibu. "Tunaheshimiana."

Wao wakakaa dirishani. Mimi nikapewa meza ya nyuma ya nguzo, inayotazamana na tangi la kioo la samaki. Nikajiambia nitakula mama mkwe akigeuka upande. Sikujua kwamba yule bibi hageuki. Nilijipakulia sambusa mbili zile ndefu za Kichina, nikainua moja, ikakaribia mdomo, nikahisi kitu kisogoni. Nikachungulia pembeni mwa nguzo. Alikuwa ananitazama. Nilishikwa na haya nikaitumbukiza sambusa kwenye mfuko wa shati, shati jeupe nililolishona kwa mkono wangu mwenyewe, na mafuta yakaanza kupenya.

Nikaona heri niache habari za tumbo langu, nimhudumie mke wangu, angalau mama yake aone.

Kwenye kona kulikuwa na bamba la chuma la duara, pana kuliko meza ya kukatia vitambaa, linawaka moto kwa chini. Unachukua bakuli, unatia nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, mboga, tambi, unamimina michuzi unayoitaka, unampa mpishi, naye anakupikia mbele ya macho yako kwa vijiti viwili virefu. Wanasema ndivyo walavyo Wamongolia. Mama mkwe alikwisha kufika hapo kabla yangu kukagua.

"Ndiwe Mmongolia?" nilimsikia akimwuliza mpishi kwa Kiswahili, bila wasiwasi wowote.

"Hapana, mama. Mimi mutu wa Bujumbura. Mmongolia ni hii chuma tu."

Nikangoja aondoke, nikachukua bakuli. Hapo nilikuwa na uhakika na ninachokifanya kuliko ninapokata suti. Tangu mwezi wa tatu wa mimba mke wangu alikuwa hataki kitunguu. Si kukila tu, hata harufu. Tunaishi kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba tisa na jiko moja, na jirani akikaanga kitunguu, mimi nakimbia na beseni. Niliacha kupika kitunguu, nikaacha kula kitunguu. Mteja mmoja aliyekuja amekula kachumbari nilimpima kiuno akiwa amesimama mlangoni. Alichokitaka mke wangu kilikuwa tangawizi, siki na nanasi, vyote pamoja, na usimwulize kwa nini. Basi nikatia kuku, spinachi, tambi, tangawizi ya kutosha, vipande vya nanasi, siki vijiko vinne. Nikageuka kwenda kupanga foleni.

Mama mkwe alikuwa kwenye foleni, naye ana bakuli lake.

Nikampisha mtu mmoja apite mbele yangu ili tusikaribiane. Naye aliponiona akampisha mmoja ili asiwe mbele yangu. Nikapisha mwingine, akapisha mwingine. Tulipisha watu mpaka watu wakaisha, tukabaki wawili mbele ya moto.

"Mukuje, mukuje!" mpishi akaita. "Chuma inapoa."

Tukaweka mabakuli yetu kwa pamoja. Yeye akageukia ukutani, kwenye picha ya milima yenye ukungu. Mimi nikawageukia samaki. Nyuma yetu nyama ikalia, moshi ukapanda, vijiti vikagongana. Mpishi aliposema tayari, nilipeleka mkono nyuma, nikapokea sahani, nikaondoka nimenyoosha shingo bila kutazama chini. Mama mkwe naye, nadhani, vivyo hivyo.

Alitangulia kufika mezani.

"Kula, mwanangu. Nimekutengenezea mie mwenyewe."

Mke wangu akaonja. Akafumba macho. "Mama! Umejuaje?"

Nami nikafika na sahani yangu nikiwa na furaha zangu. Hapo ndipo nilipotazama chini. Vitunguu. Vitunguu rundo, vimekaangwa vikawa vya kahawia, vitunguu saumu juu yake, na pilipili. Kabla sijarudi nyuma hatua moja, harufu ilikwisha kumfikia. Mke wangu akaziba mdomo, akainuka na tumbo lake, akakimbilia chooni.

Mama mkwe akaliambia dirisha, kwa sauti ambayo hata samaki waliisikia: "Mwenye macho haambiwi tazama. Mtoto ana mimba, analetewa matapishi kwenye sahani. Halafu mtu anataka nimwachie mgonjwa wangu."

Ningeweza kujitetea. Ningeweza kusema hivi vitunguu si vyangu, mimi nanasi langu liko wapi? Lakini ningemwambia nani? Mtu wa katikati alikuwa chooni.

Nikarudi nyuma ya nguzo na vitunguu vya watu. Nilikuwa na hasira na yule Mrundi, na Wamongolia wote, na paka wa dhahabu pale kaunta. Zaidi ya hasira, nilikuwa na huzuni. Niliona Alhamisi imefika, basi limeondoka, na mwanangu nitamsikia kwa simu akiwa na wiki mbili. Na yote kwa sahani moja.

Mke wangu akarudi amenawa uso. Niliwaona kwenye kioo cha tangi la samaki, kwa hiyo kisheria sikuwa nimewatazama. Akaivuta ile sahani aliyopewa na mama yake akaendelea kula kwa bidii.

"Mama, onja na wewe."

"Nitakulaje, na mumeo yupo?"

"Amekupa mgongo. Onja kidogo tu."

Mama mkwe akatazama huku, akatazama kule, akatia uma mmoja mdomoni haraka. Akatafuna. Kisha akaacha kutafuna. Akachukua kitu kwenye sahani kwa vidole, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki nini?"

"Nanasi, mama. Si umelitia wewe?"

Alitazama nanasi, akatazama meza yangu ilipokuwa sahani ya vitunguu. Angeweza kulimeza lile nanasi na mambo yakaishia hapo. Mimi nisingethubutu kusema, na mke wangu alikuwa hajui lolote. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, na bado sina hakika kama ningekuwa mimi ningeinuka.

Aliinuka. Akaenda kwa mpishi, nikamwona mpishi anainua mikono yote miwili na vijiti vyake.

"Eish, pole sana, mama! Lakini nyinyi wote wawili mulikuwa munaangalia kwingine. Ningeuliza nani?"

Kisha akaja mezani kwangu. Nikasimama wima. Mke wangu husimulia kwamba nilikuwa natetemeka. Si kweli, ni mguu mmoja tu. Mama mkwe akanitazama usoni, na sidhani kama alikuwa amewahi kunitazama usoni tangu harusi.

"Nanasi umetia wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na siki yote ile?"

"Ndiyo, mama. Vijiko vinne. Pungufu ya hapo analalamika."

"Vitunguu ni vyangu. Huyu alikuwa akila kitunguu kibichi, anamenya na kutafuna, tangu ana miaka minne. Ameacha lini?"

"Mimba ilipofika miezi mitatu. Hata harufu hataki."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa utadhani anaumwa. Ukamchukua mapema zaidi."

Akavuta kiti akaketi. Mezani kwangu, mbele yangu. Kule dirishani mke wangu alikuwa ameshika uma hewani, tambi zinaning'inia.

"Mie nimemzaa," akasema taratibu, "na mie ndiye niliyemtapisha."

Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia kabisa siku ile. Alipapasa pochi yake, akaifunga vizuri, akaiweka mapajani.

"Alhamisi nitaondoka peke yangu. Sasa nisikilize, maana haya mwanamume haambiwi, na mie sitayasema mara mbili."

Akaanza. Maji ya kumkanda mzazi yawe ya moto kiasi gani, mpaka mkono wako ukatae halafu uulazimishe. Asubuhi na jioni, kiuno kwanza, tumbo baadaye. Uji uwe na pilipili manga, asikudanganye kwamba ameshiba. Maziwa yakijaa yakauma, fanya hivi na hivi. Masikio yangu yaliwaka moto. Dada wa mgahawa alikuja kutumiminia chai, akaondoka, akarudi kumimina tena vikombe vikiwa bado vimejaa, nadhani alitaka kusikiliza tu. Mama mkwe alipofika kwenye kumfunga mzazi tumbo kwa kanga, nikauliza upana wa kitambaa na kinazunguka mara ngapi.

"Kumbe fundi nawe una faida," akasema, akanipa vipimo, nikaviandika kwenye kitambaa cha karatasi cha kufutia mikono.

Kisha akaniuliza kama nimewahi kushika kichanga. Nikasema bado. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya vyakula, akafunua kikapu cha mianzi, akatoa mkate mmoja mweupe wa kupikwa kwa mvuke, mkubwa, laini, unafuka. Akautandikia kitambaa cha mezani, akaukunja upande huu na upande huu, akanikabidhi.

"Mshike."

Nikaushika. Mke wangu alikuwa amekwisha kuja, amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, anacheka huku machozi yanamtoka. Mpishi wa Bujumbura aliacha bamba lake akasogea kutazama.

"Shingo," mama mkwe akasema. "Umeiacha shingo."

Nikaitafuta shingo ya mkate. Nikapitisha vidole chini ya kile kitambaa nikakisia, mkate ukanichoma, sikuuachia. Akanirekebisha kiwiko, akanirekebisha bega. Akasema nianze upya, nimchukue kutoka kitandani. Nikauweka mezani nikauchukua tena. Nikainua macho nione kama safari hii nimepatia.

"Usinitazame mie," akasema. "Mtazame mtoto."