Bulo Iliyokazwa kwa Vidole

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kikula, mwanangu, nilipoharakia sala nikaharibu injini. Usicheke kwanza, nisikilize.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, na nilikuwa na kamyoneti ya kupeleka unga wa mahindi Kakanda. Ndiyo iliyotulisha mimi, watoto na mama mkwe wangu. Fundi wangu alikuwa Papa Mwansa, mzee wa maneno machache, ambaye hakuwahi kunidanganya. Asubuhi hiyo alikuwa chini ya gari. Alishabadilisha mafuta ya injini, sasa anakaza bulo ya chini, ile inayozuia mafuta yasimwagike. Pasteri naye akafika kuombea gari kabla ya safari, kama tunavyofanya. Nikamwita fundi aje tushikane mikono tuizunguke.

“Kidogo, Mama,” akasema kutoka chini.

“Papa Mwansa, Mungu haiko muntu wa kungojeshwa.”

Akatoka, ufunguo wa kukazia mkononi, akainamisha kichwa. Sala ilikuwa ndefu. Kabla amina haijaisha vizuri nilikuwa nimeshika usukani, nikaondoka bila kumuuliza kama amemaliza. Na yeye, sala ilishamsahaulisha ile bulo, akanipungia mkono.

Kabla ya kufika Kakanda injini ilianza kugonga, halafu ikanyamaza. Mafuta yote yalikuwa yamemwagika barabarani. Tukaivuta gari hadi nyumbani, na Papa Mwansa akaja bila kuitwa. Akachungulia chini, akasimama mbele ya watu.

“Mama, ile bulo nilikaza na vidole tu. Ni kosa yangu, minye siwezi kukatala.”

Mtu akikubali kosa lake hivyo unamshukuru. Mimi nilimtukana. Kisha nikaenda sokoni nikasema ameua gari yangu makusudi, kwa wivu. Nilijua ni uongo. Nilikuwa na hasira, na aibu pia, maana nilijua vizuri nani alimwita atoke chini ya gari. Baada ya wiki mbili garaji yake ilikuwa tupu. Nikasikia anafungasha vyombo vyake aende kuchimba kobalti na vijana, kwa umri ule, na kifua chake kile cha kukohoa.

Mama mkwe wangu hakupiga kelele. Alikuwa anachagua maharage, wala hakuinua macho.

“Minye nilikuwa pale,” akasema. “Alikuambia kidogo, weye ukakatala. Sasa unamuzika muntu iko muzima, sababu unaogopa kusema ukweli?”

Nikalia tu. Jumapili, saa ya ushuhuda, nikasimama kanisani mbele ya Pasteri na wanawake wa sokoni. Nikasema fundi aliomba muda kidogo, mimi nikamnyima, na yale maneno ya wivu niliyatunga mwenyewe. Watu waliguna. Jumatatu nikaenda kuyarudia mbele ya Papa Mwansa, kabla hajaondoka. Akaniuliza vipuri nitavipata wapi.

Niliuza cherehani yangu nikanunua vipuri, yeye akaifungua injini yote na kuifunga upya bila kudai malipo. Gari ilipona. Wateja wake walirudi mmoja mmoja, lakini wengine hawakurudi kabisa, mpaka akafa. Hilo linaniuma mpaka leo. Injini tuliweza kuitengeneza, jina lake sikuweza kulirudisha lote.

Kwa hiyo, mwanangu, fundi akikuambia kidogo, ngoja. Ombea gari, hata mimi bado naombea, lakini muulize kwanza kama amemaliza. Na mtu akija mwenyewe kukuambia amekosa, mpe kiti akae, mtafute pamoja namna ya kutengeneza. Ukishamchafua mbele ya watu, usimwombe msamaha kichochoroni. Rudi palepale ulipomchafulia.

Mungu akulinde barabarani, akupe mafundi wakweli. Na siku kosa litakapokuwa lako, akutie nguvu ya kulisema kabla hujamtwika mwingine.