Kakao ya Mama Haikukauka

Lori za kakao zikisimama hapa mpakani Kasindi kungoja karatasi, harufu ya uchachu ya magunia yake inanirudisha kwenye kiwanja cha shangazi, kule Bulengera.

Tulikuwa tumekimbia vita, tukaacha shamba letu la upande wa Beni. Baba alibaki kuwafungulia mbuzi, akasema anatufuata. Mama alitembea na ndoo ya kakao kichwani, mavuno ya kwanza, ambayo kila mwaka Baba ndiye aliyeyapeleka mbele ya altare.

Kila asubuhi Mama alianika mbegu zile juu ya kitenge. Ukungu ulishuka kutoka vilimani, mvua ikafuata, mbegu zikaota kuvu nyeupe.

"Huku kwetu ni baridi, haitakauka," shangazi alimwambia. "Uitupe tu."

"Iko ya Mungu," Mama akajibu. "Baba yabo akifika, ataipeleka."

Jumapili nyingi zilipita. Siku moja kanisani, wakati wa matoleo, Mama akaniwekea ndoo kichwani.

"Beba weye. Baba yako hayafika bado."

Nilitembea nyuma ya kuku na ndizi za wengine, nikiona haya kwa ile harufu. Padri aliipokea kwa mikono miwili. Nyuma yangu sauti ya Mama ilikuwa inaimba, juu kuliko zote, nikadhani ameacha kungoja.

Tulipofika nyumbani alifungua pindo la kitenge chake. Alikuwa amebakiza konzi moja ya kakao.

"Hii ataipeleka mwenyewe," akasema, akaianika. Mvua ilikuwa imeshaanza kunyunyiza.